Kutembea si dhambi: kwa nini tulienda Kampala wakati chakula kimekatwa



Wale wanaotufuata waliona picha zetu za mwezi wa sita. Vijana 13, takisi moja ya kukodi, wikendi ya Siku ya Mashujaa, kuanzia Jumamosi tarehe 7 mpaka Jumatatu tarehe 9 Juni 2025. Picha kwenye mstari wa ikweta pale Kayabwe, mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini. Picha juu ya mnara wa msikiti. Picha tukila rolex usiku, midomo imejaa mayai na chapati. Tulizituma kwa furaha, tukalala. Asubuhi tukakuta maneno.

Mama mmoja wa New Congo aliandika: "Batoto banalala njaa, ninyi munaenda kujipiga mapicha Kampala?" Muzee mmoja akatuma methali tu, bila kuongeza neno: mtembezi hula miguu yake. Na rafiki yetu anayefanya kazi kwenye shirika moja, mtu mwema ambaye ametusaidia mara nyingi, alituuliza pembeni kwa upole: kwa nini hiyo pesa hamkuiweka kwenye mradi? Kuku, kwa mfano. Au sabuni.

Hatukujibu siku ile. Tulikaa tukaongea kwa wiki mbili, tukagombana kidogo hata sisi wenyewe. Leo tunajibu. Hatujibu kwa hasira, maana mama yule ana haki ya kuuliza. Lakini tunafikiri jibu letu ni la vijana wengi wa kambi nyingi, na wafanyakazi wa mashirika nao wanahitaji kulisikia.

Tuanze na pesa, maana ndiyo mzizi wa maneno yote.

Tulianza kuweka akiba mwezi wa kumi na moja 2024. Kila Jumamosi, shilingi 3,000 kwa mtu. Wiki 30 ni shilingi 90,000. Hakuna mfadhili, hakuna shirika, hakuna fomu. Mmoja ananyoa nywele, wawili wanauza mandazi Base Camp, wengine wanalima kwa siku katika mashamba ya wenyeji, mmoja anachaji simu za watu kwa sola ya kaka yake. Tulikuwa 15.

Halafu mwezi wa tano 2025 habari ikafika. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba wakimbizi milioni moja hapa Uganda hawatapata tena msaada wa chakula, kwa sababu pesa za wafadhili zimekwisha. Wengine walibaki kwenye orodha, lakini wanapata kidogo kuliko zamani. Kila mtu anayesoma hapa anajua wiki ile ilikuwaje. Watu walikuwa wanaulizana mstarini, wewe uko kundi gani, mama yako yuko kundi gani, kama vile wanafunzi wanaulizana matokeo ya mtihani.

Tulikutana chini ya mti wa shule. Pesa ilikuwepo, karibu yote. Tukaulizana: tugawane kila mtu arudi na yake, au twende? Wawili walisema wanatoa pesa yao. Mmoja ana mama mgonjwa na wadogo watano. Alinunua unga siku ile ile. Tuliwapa pesa yao yote, hatukukata hata shilingi, na hakuna aliyewanuna. Tunasema wazi: hawakukosea. Shilingi 90,000 ni zaidi ya kilo 30 za posho. Hiyo si pesa ya mchezo, na atakayesema ni pesa kidogo hajawahi kupika kambini.

Kumi na tatu tuliobaki tulikuwa na shilingi 1,170,000. Gari na mafuta na dereva kwa siku tatu, 800,000. Kanisa moja la Wakongomani upande wa Nsambya lilitupa ukumbi tulale kwenye mikeka, tukatoa 50,000 ya umeme na kuni. Chakula cha kununua, 120,000. Mwingine tulibeba wenyewe, maharage na unga, tukapika kwenye ua wa kanisa. Ikabaki 200,000 ya viingilio. Hayo ndiyo mahesabu yote. Yeyote anayetaka kuona daftari aje aone.

Sasa swali lenyewe. Kwa nini hatukusubiri?

Jibu letu la kwanza ni hili: tungesubiri mpaka lini? Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Wapo wazee hapa walioingia wakiwa watoto mgongoni, wakaoa hapa, wakazika hapa. Kila mwaka kulikuwa na sababu ya kusema "siyo sasa". Mwaka huu chakula. Mwaka ule korona. Mwaka mwingine uhakiki wa makaratasi. Tukisema tutaishi maisha siku shida itakapokwisha, basi tutazeeka tukiwa bado tunajiandaa kuishi. Subira huvuta heri, ndiyo. Lakini kuna subira nyingine inavuta usingizi tu.

Jibu la pili ni kwamba hatukuiba haki ya mtu. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na muda wake. Halikusema "kila mtu isipokuwa mkimbizi". Na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi. Ndugu zetu walioko kambi nyingine za ukanda huu, ambao hawawezi kutoka bila kibali, wanatuandikia kila siku kwamba wangetoa chochote wapate uhuru huo. Sisi tunao, na wengi wetu hatujawahi kuutumia zaidi ya kwenda hospitali Mbarara. Haki isiyotumika inageuka kuwa karatasi.

Jibu la tatu ni refu zaidi, maana ni yale tuliyoyaona.

Tuliondoka saa tisa usiku. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeanza, madirisha yamefungwa, mmoja akatapika kabla hata hatujafika Mbarara. Kulipopambazuka tukaona punda milia kando ya barabara upande wa Ziwa Mburo, wanakula majani pamoja na ng'ombe wa watu. Tukapiga kelele kama watoto. Dereva akatuuliza: "Mmekaa Uganda miaka mingapi?" Mmoja akajibu kumi na tatu. Akacheka, akatikisa kichwa.

Pale ndipo tulianza kuelewa. Tunaishi katika nchi ambayo hatuijui. Uganda tunayoijua ni mstari, ofisi, kituo cha afya, soko la Jumamosi na shamba la mtu. Waganda tunaowajua ni wale wenye mihuri na wale tunaogombana nao kuhusu mbuzi. Halafu tunalaumiwa kwamba hatuchangamani na wenyeji. Tutachangamana na nini, kama nchi yenyewe hatujaiona?

Jumamosi mchana tulienda Mengo, kwenye Lubiri, jumba la Kabaka wa Buganda. Kutoka huko kuna barabara iliyonyooka mpaka Bulange, bunge la Buganda. Katikati kuna mzunguko wa magari. Sisi wote tunazunguka, lakini Kabaka peke yake anafunguliwa lango anapita katikati, maana mfalme hazunguki. Tulicheka sana. Burundi, Kongo, Rwanda, kila mmoja akaanza kusimulia wafalme na machifu wa kwao.

Kiongozi wa watalii pale, mzee mmoja mpole, akatueleza habari ya mwaka 1966. Mwezi wa tano, jeshi la Milton Obote lilivamia jumba hilo, na aliyeongoza mashambulizi alikuwa Idi Amin. Kabaka Mutesa wa Pili, ambaye alikuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta akakimbia. Akavuka mpaka, akapitia Burundi, akafika London. Akafia huko 1969. Mwili wake ulirudishwa nyumbani 1971, ukazikwa Kasubi. Na kabla yake, Kabaka Mwanga naye alipelekwa na Waingereza Ushelisheli, akafia huko 1903, akarudishwa 1910.

Kukawa kimya. Halafu mwenzetu Mrundi akasema polepole: "Kumbe hata mfalme alikuwa mkimbizi. Na alipitia kwetu."

Sisi tumehudhuria semina nyingi sana. Tumeambiwa mara nyingi kwamba "mkimbizi ni mtu kama wengine" kwa karatasi kubwa ukutani na kalamu za rangi. Hakuna semina iliyotuingia kama sentensi ile ya mwenzetu. Tulikuwa tumesimama kwenye majani ya jumba la mfalme aliyekimbia kama wazazi wetu walivyokimbia. Na Waganda wanamsimulia bila aibu, kwa heshima. Tangu siku ile wawili kati yetu wameacha kusema uongo sokoni kuhusu wanakotoka. Hatuwezi kupima hilo, lakini tumeliona.

Si Kabaka peke yake. Baada ya Amin kuanguka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Wapo Waganda waliolelewa kwenye kambi upande wetu. Historia hii inatuhusu sisi na wenyeji pamoja, na ingetusaidia sote kama ingesemwa zaidi.

Pale pale Lubiri kuna shimo. Vyumba vya zege chini ya ardhi, vilivyokuwa ghala la silaha, vikageuzwa mahali pa kutesa na kuua watu enzi za Amin. Kiongozi alitueleza juu ya maji na umeme. Wengine waliingia, wengine walikataa. Dada mmoja alirudi nyuma akaenda kukaa kwenye majani peke yake. Hakuna aliyemfuata na daftari kumuuliza anajisikiaje kutoka moja mpaka kumi. Baadaye mwingine akaenda akakaa karibu naye, wakagawana karanga. Tunasema hili kwa marafiki zetu wa mashirika, bila kuwadharau: wakati mwingine mtu aliyeona mabaya hahitaji kusimulia yake. Anahitaji kuona kwamba mahali pabaya panaweza kubaki, pakawekwa mlango, pakawa na mzee anayeeleza, na watoto wakacheza mpira upande wa pili wa ukuta.

Jumapili baada ya ibada tulipanda Old Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa. Ujenzi ulianza enzi za Amin, ukakaa miaka mingi haujakwisha, ukamalizwa kwa pesa za Gaddafi wa Libya na kufunguliwa mwaka 2007. Dada zetu walipewa nguo za kujifunika, wakacheka wakajipiga picha. Ngazi za mnara ni zaidi ya 300. Tulianza kuhesabu kwa sauti, baada ya 200 hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuhesabu.

Juu kule unaona Kampala yote. Namirembe na kanisa kuu lake, Rubaga, Makerere, Nakasero na maghorofa yake, na chini kabisa paki ya takisi, nyeupe tupu, zimebanana kama mchele kwenye sinia. Kijana mmoja wetu hakupiga picha. Alikuwa anatafuta kitu kwa macho. Mwishowe akanyoosha kidole: "Pale. Ile veranda." Mwaka 2012 alilala pale wiki tatu na mama yake na wadogo zake, chini ya kilima hicho hicho, wakisubiri kuandikishwa. Alikuwa na miaka saba. Aliujua mji huu kama sakafu ya baridi na miguu ya watu wanaopita. Sasa alikuwa anautazama kutoka juu.

Hatutaweka maneno mazuri hapa. Alisema tu, "Aksanti kunileta," na alikuwa amelipa pesa yake mwenyewe.

Kutoka hapo tulienda kwenye Jumba la Makumbusho, barabara ya Kira. Kuna gari la Idi Amin, Mercedes, lakini sisi tulikwama kwenye chumba cha muziki. Kuna vyombo vya makabila ya Uganda, na kila mmoja wetu alikuta cha kwao. Mkongomani anasema hiki ni likembe, babu alikuwa nacho. Mrundi anasimama mbele ya ngoma. Mnyarwanda anaonyesha zeze. Vibao vimeandika makabila ya Uganda, vyombo ni vyetu sote. Mipaka iliyochorwa na Wazungu haikuuliza ngoma zinapiga mpaka wapi. Mtu akituambia tena "rudini kwenu", tunayo picha ya likembe ya kumuonyesha.

Jumapili jioni tulitembea kwa miguu mpaka kwenye Mnara wa Uhuru. Ni mtu aliyezungushiwa kamba mwilini, anamnyanyua mtoto juu. Ulichongwa na Gregory Maloba mwaka 1962, naye hakuwa Mganda. Alikuwa Mkenya aliyekuwa anafundisha Makerere. Alama kubwa ya uhuru wa nchi hii imetoka mkononi mwa mgeni. Tunaliacha hapo, kila mtu afikirie mwenyewe.

Na sasa tuseme lililotuuma.

Kuna sehemu moja, jina tunaliacha, ambayo hatukuingia. Bei zilikuwa ubaoni kwa makundi: raia, mgeni mkaazi, mgeni asiye mkaazi. Tukatoa kadi zetu za mkimbizi, zimetolewa na serikali ya Uganda, zina picha na namba. Kijana wa tiketi akazigeuza mbele na nyuma. "Pasipoti iko wapi?" Hatuna, ndiyo maana ni wakimbizi. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akasema kadi hii haiko ubaoni, kwa hiyo tulipe kama watalii wa kutoka nje. Bei hiyo kwa watu 13 ingemeza pesa yote ya viingilio na bado tungebaki na deni. Tulimuuliza: baba, mtu aliyeishi hapa miaka kumi na tatu, si mkaazi? Akasema yeye anafuata ubao.

Tulikaa nje chini ya mti. Watoto wa shule walipita kwa mstari wakiwa na sare, mwalimu anawahesabu. Sehemu nyingine, siku ile ile, askari wa mlangoni aliangalia kadi zile zile akasema, "Hawa ni wa kwetu, waandike kama raia." Kadi moja, siku moja, mji mmoja. Kwenye mlango mmoja wewe ni mtalii tajiri, kwenye mwingine wewe ni wa nyumbani. Hakuna aliyetutukana. Kijana wa tiketi hakuwa mtu mbaya. Tatizo ni kwamba wakati bei zinaandikwa hakuna aliyefikiria kwamba mkimbizi anaweza kuja kutembea. Mkimbizi anafikiriwa kwenye foleni ya chakula. Kwenye foleni ya makumbusho hafikiriwi.

Hilo ndilo kubwa tunalotaka kusema leo. Miaka yote sisi ndio tunatembelewa. Gari nyeupe zinakuja, wageni wanashuka wamevaa kofia na miwani, wanapiga picha watoto wetu, wanaingia nyumba moja au mbili, wanaandika, wanapanda gari. Hatusemi ni wabaya, wengine wamekuwa marafiki wa kweli. Lakini tazama: katika utalii huo, sisi ndio kivutio. Siku tatu zile Kampala, kwa mara ya kwanza, sisi tulikuwa macho. Sisi tulikuwa na simu mkononi, sisi tuliuliza maswali, sisi tulisema "hii nzuri" na "hii imenichosha, twende". Muzee wetu wa methali, shikamoo, tunakujibu kwa methali nyingine: mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache.

Kwa wanaoendesha makumbusho, bustani na majumba ya kihistoria: ongezeni neno moja kwenye ubao wa bei. Pembeni ya "mkaazi" andikeni "mkimbizi". Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.8, hakuna nchi Afrika iliyopokea wengi zaidi. Nchi iliyofungua mpaka haishindwi kufungua mlango wa makumbusho. Na nyinyi mtauza tiketi ambazo leo hamuuzi.

Kwa marafiki wa mashirika: hatuwaombi mtulipie matembezi wakati huu. Tunajua bajeti zimekatwa, na wengi wenu mmepoteza kazi mwaka huu. Tumewaaga wengine kwa machozi. Tunaomba vitu visivyo na bei. Tuandikieni barua ya utambulisho tukienda kama kundi, maana kijana mmoja barabarani na kadi ni shida, kundi lenye barua ni safari. Tusaidieni kuongea na hao wa ubao. Na mkituita Kampala kwa semina, tafadhali, toeni nusu siku. Wengine wetu wamefika mji huu mara nne na hawajui chochote isipokuwa ukumbi, projekta na soda. Unarudi nyumbani mtoto anakuuliza Kampala ikoje, unamwambia ina kiyoyozi.

Na tunaomba jambo moja zaidi: msigeuze kitu hiki kuwa mradi. Msitupe fomu ya malengo na viashiria. Rafiki yetu wa kuku, tunakupenda, na huenda mwakani tutafuga. Lakini si kila shilingi ya maskini lazima itage mayai. Wewe ukienda likizo Entebbe, hakuna anayekuuliza umezalisha nini.

Kwa vijana wenzetu: msikope kwa ajili ya matembezi. Wekeni kidogo kidogo, na daftari lishikwe na mtu ambaye hata maadui wake wanamwamini. Waambieni wazazi mapema, msitoroke. Kadi isiachwe nyumbani. Nendeni na mtu anayejua Luganda, hata kidogo. "Ssebo" na "nnyabo" zinafungua milango ambayo Kiswahili kinaifunga, maana mnajua wengine hapa Kiswahili kinawakumbusha askari wa zamani. Na asiyeweza kutoa pesa msimcheke. Anayetoa pesa yake akanunue unga, msimnunie.

Kwa mama yetu wa New Congo: mama, hatukubishii. Njaa ipo, na hata sisi tuliporudi tulikuta sufuria zile zile. Picha zetu zilikuumiza, kwa hilo utusamehe. Tungeweza kusubiri tuzioneshe ana kwa ana. Lakini mama, wewe mwenyewe ulituambia siku moja jinsi ulivyoenda Bukavu ukiwa msichana, Noeli, ukaona ziwa na taa, na mpaka leo ukiisimulia uso unabadilika. Ulikuwa na shida hata wakati ule. Mtu alikulipia, au ulijilipia, na hukusubiri shida iishe. Sisi tunataka tuwe na cha kuwasimulia watoto wetu ambacho si vita na mstari peke yake.

Tarehe 9, siku yenyewe ya Mashujaa, wakati Uganda inawakumbuka watu kama Edidian Luttamaguzi aliyeuawa Luweero 1981, sisi tulipita Makerere asubuhi, tukasimama mbele ya lile jengo kuu lililoungua 2020 na kujengwa upya. Dada yule wa Lubiri, anayemaliza sekondari mwaka huu, alisimama kwenye ngazi akasema nipigeni picha moja, hii si ya kutuma, hii ni yangu. Tukampiga. Halafu tukaingia kwenye gari, tukala gonja Lukaya, tukafika Base Camp saa nne usiku, vumbi mpaka kwenye meno.

Jumamosi iliyofuata tulifungua daftari tena. Shilingi 3,000. Wale wawili waliotoa pesa yao walikuja, mmoja na 3,000, mwingine na 1,000, na tumeziandika zote mbili. Safari hii tunafikiria Jinja, tukaone mto Nile unapoanzia. Anayetaka kujiunga, tunakutana chini ya mti wa shule, saa kumi jioni.

Na wewe unayesoma ukiwa Kakuma, Kyangwali, Bujumbura au popote: umeshawahi kutembea tu, bila sababu? Ulienda wapi? Tuandikie hapa chini. Na kama hukubaliani nasi, andika pia. Mama wa New Congo alianza, na tumefurahi kwamba alianza.